Dada, kadi ya njano ya chanjo HAIMALIZIKI mpakani (yaliyonikuta Mutukula, mpaka wa Uganda na Tanzania)

Dada, soma hii kabla hujamtumia huyo ajenti wa tiketi hata shilingi moja.

Majibu ya wengine sijayasoma. Umeandika mnatoka Kampala tarehe 18 na watoto watatu kwenda Bukoba kwa shangazi yako, na pia kuonana na wenzako mliosoma pamoja, ukauliza basi lipi, zawadi gani, pesa mbadilishe wapi na laini ya simu mfanyeje. Sawa. Lakini hapo katikati umechomeka kasentensi eti "kadi ya njano tumeambiwa tutamalizana nayo hukohuko mpakani". Nani huyo kakwambia? Maana mimi 2023 niliambiwa karibu hivyohivyo na mpaka leo mama watoto akitaka kunishinda ugomvi hutaja Mutukula tu, nanyamaza.

Kadi ya homa ya manjano haianzi kazi siku unayochomwa sindano, inaanza siku 10 baadaye. KUMI. Sio ujanja wa mtu pale mpakani anatafuta chai, ndo kanuni ya kimataifa, na Tanzania wanaidai kwa mtu anayetoka Uganda kwa sababu ugonjwa huo kwetu upo. Ukichomwa leo ukafika kesho, una karatasi ya njano nzuri ya kupepea jua.

Sisi tuliondoka Alhamisi tarehe 14 Desemba, mimi, mama watoto na wanangu watatu. Bibi yake mama watoto yuko Bukoba, kitinda mimba wetu alikuwa hajawahi kumshika hata siku moja, na Jumamosi ukoo wote ulikuwa unakutana kwake. Halafu kuna jamaa yangu wa bwenini, dabo deka moja, yeye chini mimi juu, alikuwa anapanda meli kutoka Mwanza aje tuonane, miaka kumi na saba hatujaonana ana kwa ana. Sasa kijana aliyenikatia tiketi (simtaji, na kampuni siitaji, lakini akisoma hapa anajijua) akaniambia "mzee, chanjeni siku yoyote, wale wanaangalia muhuri tu". Mzee! Nina miaka arobaini na mbili. Hapo tu ningejua huyu ni mwongo.

Basi tarehe 13 saa kumi jioni nikakokota watoto kliniki. Nesi akatuchoma wanne, akajaza kadi, akasema itaanza kufanya kazi baada ya siku kumi. Nikajibu sawa sista. Nilidhani anaongelea damu!! Nilidhani ni mambo ya ndani ya mwili huko, kumbe anaongelea karatasi, na alikuwa ameiandika kabisa kwa kalamu ya bluu kwenye kiboksi cha mwisho, kuanzia tarehe 23. Hiyo kadi nimetembea nayo mfuko wa shati, tumepita Kayabwe watoto wakagombania dirisha waone ikweta, Lukaya tumenunua kuku na gonja tukila humohumo kwenye basi mpaka kadi ikapata doa la mafuta, lakini kuisoma sikuisoma.

Pale mpakani afisa wa afya, mama mmoja mpole sana, akaichukua akaweka ncha ya kalamu juu ya ile 23. Akanitazama. Akatazama kalenda ukutani, akanitazama tena. "Baba, leo tarehe ngapi?" Nikajua kwisha habari yangu.

Sasa sikia kichekesho. Mama watoto alikuwa na kadi ya zamani ya 2012, imechakaa pembe zote, imeandikwa mwisho wake 2022, na njia nzima nilikuwa namcheka kwamba yake maiti, zetu ndo mpya. Yule mama akaigeuza mara moja akasema hii iko sawa, tangu 2016 chanjo hii ni ya maisha hata kama kadi imeandikwa miaka kumi. Maiti ikapita, sisi wazima tukarudishwa. Kwa hiyo kama mumeo anayo ya zamani asiitupe wala asichome sindano nyingine.

Nilibembeleza, nikaweka na sauti ya kilio, wapi. Basi halisubiri, kondakta anapiga ubavu wa gari, mizigo yetu inashushwa mmojammoja vumbini. Tukaamua mama watoto aende peke yake maana bibi ni bibi yake, mimi nikabaki na watoto watatu, mikono imevimba kwa sindano, tukalala gesti upande wetu chumba kimoja kitanda kimoja, asubuhi takisi mpaka Masaka na nyingine mpaka nyumbani. Tiketi nne hazikurudishwa hata senti, nikijumlisha na gesti na ununuzi wa kijinga nilipoteza kama laki tisa. Nilipompigia yule kijana wa tiketi akaniuliza "kwani hukusoma kadi?" Mimi! Niulizwe na yeye!

Jumamosi jamaa yangu akanitumia picha kutoka Bukoba, sangara mzima kwenye sinia, viti vitatu vitupu, chini kaandika "deka ya juu iko wazi". Mpaka leo hatujaonana, yeye sasa kahamishiwa Mtwara.

Kwa hiyo hesabu yako: leo tarehe 2. Ukichanjwa tarehe 8 kadi inaanza kazi tarehe 18 yenyewe, usicheze na siku ya mwisho, nendeni kesho. Na kabla hujatoka kliniki SOMA kile kiboksi, kadi ya kila mtoto, mbele ya nesi, hata foleni ikununie.

Mengine harakaharaka. Kitambulisho cha taifa kinakufikisha Kenya na Rwanda tangu 2014, Bukoba hapana, kila mtoto na pasipoti yake. Pesa usibadilishe kwa vijana wa mabunda mkononi. Zawadi: usibebe nsenene, wale panzi wa kuliwa! Mimi nilinunua ndoo nzima Masaka, mama watoto akavuka nayo, Wahaya wakamcheka mpaka kesho, wao wenyewe wanazo kwao.

Basi lipi na laini ya simu sijui uliulizaje, nimeshasahau na betri iko asilimia nne. Lakini hujasema mdogo ana miezi mingapi, maana kwa kawaida hawachomi chini ya miezi 9. Niandikie hapa leo.