Draiva ya bei nafuu kwa mota ya servo: anza na nyaya

Draiva yangu ya kwanza, yaani kifaa cha kuipa umeme na kuiongoza mota ya servo isiyo na brashi, niliinunua kwa sababu ya namba moja: ampea 30, imeandikwa kwa maandishi makubwa juu ya kasha. Mota yangu ilikula ampea 8 tu, nikajiona mjanja. Maandishi madogo niliyasoma baadaye. Kumbe hizo 30 ni za kilele, kwa sekunde chache. Za kudumu ni 10, tena ukiifunga kwenye bamba la kupoza joto. Bila bamba ilichemka ikajizima. Siku hizi huuliza pia kama ampea hizo ni RMS (kipimo cha wimbi kwa joto linalotoa, ambacho ni kidogo kuliko kilele) au kilele cha wimbi, maana kati ya hizo mbili kuna tofauti ya mara 1.41.

Lakini hata ampea si pa kuanzia. Anza na nyaya zinazotoka kwenye mota. Tatu nene ni za fezi, yaani za umeme wa kuizungusha, hizo hazina shida. Nyembamba ndizo zinazoamua. Tano kwa kawaida ni za sensa za Hall, zinazohisi sumaku na kuiambia draiva mota imefika wapi: mbili za umeme, tatu za ishara. Ukikuta na nyaya za A, B na Z, una enkoda (kipima mzunguko wa mota) ya kawaida na uwanja wa kuchagua ni mpana. Ila kama enkoda ni ya siriali, yenye lugha ya kiwanda chake, mota hiyo ya mtumba uliyoiokota kwa bei ya kutupa itakurudisha kwa draiva ya kiwanda hichohicho. Mimi za namna hiyo siulizi hata bei.

Volti ni hesabu fupi. Mota inayozalisha volti 12 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika, ikifika 3000 inatoa yenyewe volti 36 za kupingana na draiva. Pawasaplai ya 24 haitaifikisha huko hata uibembeleze vipi. Chukua 48.

Kilichonitesa kuliko vyote ni kusimama. Nilikuwa na gurudumu zito, pawasaplai ya volti 48, na draiva ambayo mwisho wake ni 55. Kuzunguka, safi kabisa. Nikiisimamisha ghafla, taa nyekundu, draiva imejizima. Niliirudisha nikidai ni mbovu, nikapewa nyingine, nayo ikafanya yaleyale. Mwishowe niliweka multimita kwenye njia ya umeme wa draiva, nikaiamuru ishike kiwango cha juu kabisa: 58. Mota ikipunguza mwendo inageuka jenereta, na umeme wake unarudi ulikotoka. Draiva ilikuwa nzima, tena ilikuwa inajiokoa. Niliongeza rezista ya breki, inayougeuza umeme huo kuwa joto, na saketi yake ya kuiwasha volti zinapopanda, nikalegeza kidogo mwendo wa kusimama, ikatulia. Kwa hiyo ukilinganisha bei, tazama kama draiva ina sehemu ya kufunga rezista hiyo. Isiyo nayo, ongeza gharama yake kwenye hesabu.

Vidhibiti vya mota za droni ni vya bei rahisi sana, na vinashawishi. Vingi vinakisia nafasi ya mota kutokana na volti inazozalisha, na mota iliyosimama haizalishi kitu. Kwa feni sawa. Kwa mkono wa roboti, hapana. Afadhali VESC, draiva iliyoanzia kwenye mbao za magurudumu za umeme: inasoma Hall na enkoda, na inaendesha kwa FOC, njia ya kuilisha mota umeme wa mawimbi laini, kwa hiyo mota haitetemeki kwenye mwendo wa polepole kama inavyofanya kwenye draiva za hatua sita, zinazobadilisha umeme kwa mikupuo.

Hakikisha pia draiva inaelewa kontrola yako, yaani kifaa kinachoipa amri, iwe amri hizo ni pulsi na mwelekeo au volti 10 chanya na hasi.

Ikifika, na rangi za nyaya hazilingani, usiogope. Acha za Hall zilivyo, punguza kikomo cha ampea, kisha badilishana zile tatu za fezi. Mipangilio ni sita tu. Mingine itatikisa mota au kuikwamisha; mwingine utazunguka huku ukila umeme mwingi, na huo ndio unaodanganya watu. Endelea hadi upate unaozunguka laini pande zote mbili kwa ampea kidogo, halafu uuchore kwa kalamu ya wino mzito kwenye mota yenyewe.