Jibu la swali la wiki: Tofauti ndizo zinazohitaji daftari

Mhariri, mmeuliza kipi kina uzito zaidi katika dini na mila zetu: yanayofanana au yanayotofautiana? Mimi nasema yanayotofautiana, na nitajibu kutokea msibani, kwenye mtaa wa mchanganyiko wa Dar es Salaam, ambako kamati ina saa chache tu za kupanga mambo na kosa halirekebishiki.

Yanayofanana hujiendesha yenyewe. Hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba mfiwa hupewa pole, turubai hufungwa, viti hukodiwa, mikeka hutandikwa na maji huchemshwa. Hata aliyehamia mtaani juzi anayajua hayo. Mambo huharibika pale watu wawili wanapotumia neno moja, kila mmoja akiwa na kitu chake kichwani.

Chukua neno jeneza. Kwa Mwislamu jeneza ni la msikiti: linaazimwa, linabeba maiti mpaka makaburini, linarudishwa. Anayezikwa huzikwa na sanda tu, vipande 3 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Kwa Mkristo jeneza ni sanduku analozikwa nalo, na fundi anataka vipimo na hela ya kuanzia. Mjumbe aliyezoea misiba ya upande mmoja akiandika "jeneza" kwenye bajeti ya upande wa pili, ama seremala anapewa kazi isiyo na mwenyewe, ama kila mtu anakaa akidhani litaletwa, na haliletwi.

Kaburini ndiko kwenye mtego hasa. Dar es Salaam na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, ile ya 39, kwa hiyo kibla hapa ni kaskazini. (Ukiwa Kigoma kinapinda kidogo kuelekea mashariki.) Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, kwa Dar es Salaam, basi, kichwa kinakuwa mashariki na miguu magharibi. Desturi ya zamani ya Wakristo ni kumlaza marehemu chali, kichwa magharibi, miguu mashariki, ili siku ya ufufuo ainuke akitazama mawio. Mashimo mawili, yote yamelala mashariki-magharibi, na aliyesimama juu ataapa kwamba ni kitu kimoja. Vichwa vinapingana!

Mchimbaji anayekwenda kwa mazoea anaweza kuchimba mwanandani, yaani ule uwazi wa ubavuni mwa kaburi anamolazwa maiti wa Kiislamu, kwenye ukuta wa kusini badala ya kaskazini, na kosa likagunduliwa watu wameshafika na maiti mabegani. Tena mwanandani wa ubavuni unataka udongo mgumu. Kwenye mchanga wa pwani ukuta humomonyoka, kwa hiyo huchimbwa mfereji katikati ya sakafu ya kaburi, maiti akalazwa humo na kufunikwa kwa mbao kabla ya udongo kurudishwa. Mbao hizo zipimwe kwa upana wa mfereji na kuzidi kidogo kila upande ili zikae juu ya kingo. Zikikatwa fupi zinatumbukia, na hakuna seremala makaburini.

Kuchimba, kubeba maji, kufunga turubai na kupika ni kazi za jirani wa dini yoyote. Kuosha na kuswalia maiti Mwislamu ni kwa Waislamu: wanaume huosha wanaume, wanawake huosha wanawake, isipokuwa mume na mke wanaoweza kuoshana. Mambo haya yasemwe mapema, kwa upole, kabla ya mtoto wa marehemu aliyebatizwa hajafika mlangoni na kuambiwa arudi nyuma mbele za watu.

Saa nazo hazilingani. Mwislamu akifariki alfajiri, mara nyingi huzikwa baada ya adhuhuri au alasiri ya siku hiyohiyo. Mkristo anaweza kukaa mochwari siku 3, hata wiki, akisubiri mtoto aliye mbali au basi la kwenda Moshi au Bukoba. Michango, basi, haiwezi kwenda kwa mtindo mmoja. Msiba wa pili unavumilia kikao cha jioni na daftari la ahadi. Wa kwanza hauvumilii ahadi: hela ya sanda, mbao, kafuri na gari inatakiwa mkononi kabla ya saa 6 mchana. Mtaa wenye akili huweka fedha taslimu kiasi pembeni mwaka mzima kwa ajili hiyo, kisha michango ikija inarudisha kilichotoka.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo damu imewahi kumwagika. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa hapa Dar es Salaam. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulimwondolea uhai mchungaji. Desturi yetu ni kwamba kwenye shughuli ya pamoja anachinja Mwislamu, kwa sababu nyama hiyo huliwa na karibu kila mtu. Lakini wapo Wakristo ambao dua ya mchinjaji inawakwaza, nao waulizwe; kunyamaza kwao kusichukuliwe kuwa ndiyo. Upande wa pili, wapo wanaokumbusha kwamba aya ya 5 ya Suratul Maida imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo. Hoja nzuri ya kufanana hiyo, ila mgeni mwenye shaka hatajadili aya. Atasogeza sahani pembeni na kuomba soda.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kisu kiwe kikali na kinolewe mbali na mnyama. Itajwe Bismillahi, Allahu Akbar, kisha likatwe koromeo, umio na mishipa miwili ya damu ya shingoni, na mnyama aachwe atulie kabla ya kuchunwa. Haraka ya kuvunja shingo angali anatapatapa ndiyo inayoleta maneno. Baada ya hapo mpishi anaweza kuwa wa dini yoyote. Kinachosahaulika ni sufuria: sufuria la kuazima lililopikia kitimoto juzi linaweza kuwaondoa nusu ya wageni hata kama ng'ombe amechinjwa barabara. Kukodi ya watu 100 kutoka kwa mkodishaji anayejulikana ni nafuu kuliko maelezo. Na kwa pilau ya watu hao 100, kilo 13 hadi 15 za mchele zinatosha, wawe wanasali wapi.

Kuna kosa la watu wenye nia njema, la kusema "Msabato kwenye chakula ni kama Mwislamu tu, wote hawali nguruwe." Anapikiwa kambale. Kambale hana magamba, na Msabato anayeshika mafundisho ya kanisa lake hamli, wakati Mwislamu wa pembeni yake anamla bila wasiwasi. Aliyejua kwamba wanatofautiana angeuliza. Aliyeshikilia kwamba wanafanana hakuona haja.

Neno kufunga nalo ni vilevile. Februari 2026 Kwaresma na Ramadhani zilianza wiki moja, na salamu za "sote tumefunga" zikawa nyingi. Lakini mmoja haonji hata maji toka alfajiri hadi magharibi kwa siku 29 au 30. Mkatoliki kisheria amelazimika kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, naye anaruhusiwa mlo mmoja kamili. Ukipanga kikao saa 9 alasiri, ujue nani hajanywa maji.

Wala msidhani mstari uko kati ya msikiti na kanisa peke yake. Hitima, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu, inasomwa nyumba hii, na Mwislamu wa nyumba ya tatu anaiona bidaa, yaani jambo lililozushwa katika dini, hatakanyaga.

Pasipo utani ni mirathi. Mume Mwislamu na mke Mkristo wanaweza kuishi miaka 30 wakifanana mpaka sauti. Siku mume akifa, kwa fikihi, yaani sheria za dini ya Kiislamu, mke huyo si mrithi, kwani Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Wengi hulijua hilo kaburi likiwa bado bichi. Njia ipo, ila lazima itengenezwe mume angali hai: wasia, mbele ya mashahidi wawili, usiozidi theluthi moja ya mali inayobaki baada ya gharama za maziko na madeni kulipwa. Kama kilichobaki ni ekari 9, anaweza kumwachia 3. Akiandika 5, zile 2 za ziada zinasubiri warithi waridhie, na wasiporidhia zinarudi kwao, hata karatasi iwe na mihuri mitatu.