Kurudishiwa makato ya bima usiyoiomba

Dada, unasema benki inakata akaunti yako pesa za bima ambayo hukuiomba. Dai urudishiwe makato hayo kwa barua, si kwa simu. Chukua taarifa ya akaunti tangu ulipoifungua, jumlisha kila kato. Andikia benki wakuonyeshe fomu ya bima yenye sahihi yako. Wasipokuwa nayo, wasitishe makato na warudishe jumla. Nakala yako ya barua igongwe muhuri na tarehe, la sivyo watakana kuipokea.

Wengi hukwama hapa: tawi linakutuma kwa kampuni ya bima, nayo inakurudisha tawini. Usikubali kuzungushwa, aliyekata ni benki. Wakigoma, peleka malalamiko Benki Kuu ya Kenya, Haile Selassie Avenue, Nairobi, na nakala kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Madai ya mkataba kortini yana kikomo cha miaka 6, kwa hivyo usikawie.