Mguu wa LED ukikatika, je, unaweza kuungwa tena?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa redio na simu mjini Mafinga. Nimeletewa taa ya mbele ya bodaboda inayobeba abiria katika njia ya Mgololo. Ndani yake zimo LED (taa ndogo za elektroniki) tatu za wati 3 kila moja, na mguu mmoja wa ile ya katikati umekatika pale pale unapoingia kwenye plastiki. Nimejaribu kuuchomea risasi lakini haishiki. Je, kuna njia, au nimwambie mwenyewe anunue taa nyingine?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu fundi, usimwambie anunue kabla hujajua kama kiini cha taa bado ni kizima. Unganisha betri tatu za redio za volti 1.5 mfululizo, utie rizista (kipunguza mkondo) ya omu 100 kwenye waya wa chanya, kisha uguse kisiki cha mguu uliokatika kwa ncha ya sindano ya kushonea na mguu wa pili kwa waya mwingine. Mkondo utakaopita ni kama miliampia 15, ambao hauidhuru LED ya ukubwa huo lakini unatosha kuiwasha. Mita peke yake itakudanganya, kwa sababu nyingi katika kipimo cha dayodi hazitoi volti 3 ambazo LED nyeupe huhitaji. Ikiwa haiwaki hata ukibadilishana waya wa chanya na wa hasi, hitilafu iko ndani zaidi na risasi haitaifikia.

Ikiwaka, kazi inafanyika. Risasi haikushika kwa sababu kisiki chako ni kifupi na kichafu. Kwa ncha ya wembe, kwangua plastiki ya ukingoni taratibu mpaka milimita moja hivi ya chuma ionekane na kung'aa, bila kuigusa lenzi, kwani lenzi nyingi ni za silikoni laini na chini yake zimo nyuzi nyembamba kuliko unywele. Paka flaksi, yaani dawa ya kusaidia risasi kushika, ya kazi za elektroniki. Ile yenye asidi inayotumiwa kwenye mabati itakula chuma baadaye.

Sasa chukua nyuzi tatu au nne za shaba kutoka kwenye waya laini, uzisokote na kuzipaka risasi kabla. Anza na upande wa ubao wa alumini unaobeba LED, kwa kuwa ubao hunyonya joto na utalazimika kukawia kidogo. Ufungue kwanza kutoka kwenye kipozeo chake, kile chuma cha kuondoa joto. Acha ubao upoe kabisa, ndipo ushike kisiki. Hapo ncha safi ya chuma cha kuchomea yenye nyuzijoto 350 hivi isikae zaidi ya sekunde tatu, na ikiwa haikushika, ondoa mkono na usubiri ipoe kabla ya kurudia. Napendelea risasi ya kuchomea yenye bati asilimia 60 na madini ya risasi 40, ambayo huyeyuka kabla ya nyuzijoto 190, kuliko isiyo na madini ya risasi, ambayo huhitaji zaidi ya 215. Najua baridi ya Mafinga ya mwezi Julai, lakini fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula.

Waya huo usiuvute ukanyooka kama uzi wa ngoma. Uache na kipinda kidogo, kwa sababu taa hupanuka ikipata moto na pikipiki haiachi kutikisika, na nadhani ndivyo mguu wa kwanza ulivyokatika. Uzuie kwa tone la gundi ya epoksi mbali na lenzi, na waya wenyewe usiguse alumini popote. Gundi za kukauka papo hapo zitatia ukungu kwenye lenzi, na silikoni inayonuka siki si salama hapa.

Paka krimu mpya ya kupitisha joto chini ya ubao, uukaze, kisha uunge nyaya zote kabla ya kuwasha umeme. LED hizo zikiwa mfululizo, moja ikikatika draiva, yaani kifaa kinachozilisha umeme, hubaki na volti za juu. Ukiunga huku umeme unawaka, chaji iliyojikusanya itaichoma ile uliyotoka kuiokoa. Washa kwa dakika kumi, zima, na uguse kipozeo: kikiwa baridi ilhali ubao unachoma kidole, joto halipiti, na itakubidi ufungue na kupaka krimu upya.