Nguzo za Mawe Turkana: Nani Amelala Chini Yake?

Swali: Ndugu mhariri, kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol kuna nguzo za mawe zilizosimama. Wenyeji husema ni watu waliogeuzwa mawe. Mwalimu wetu alitufundisha kuwa ni kalenda ya nyota. Tushike lipi? – Msomaji, Kitale

Jibu: Mahali hapo panaitwa Namoratunga, na jina lenyewe limebeba kisa cha wenyeji: watu wa mawe. Nguzo ni 19, zote za basalti, zimesimama kwa kuinama huku na huku. Habari ya kalenda ilianza mwaka 1978, pale watafiti Lynch na Robbins walipoandika kwamba nguzo hizo zimeelekezwa kwenye nyota saba zinazotumika katika kalenda ya Waborana, Kilimia ikiwa mojawapo. Walikadiria mwaka 300 KK.

Dai hilo lina matatizo mawili. La kwanza ni dira. Basalti ina madini ya sumaku, kwa hiyo ukiisogeza dira karibu na nguzo, sindano inapotoka, na vipimo vya pembe vinaharibika. Mwanaakiolojia Robert Soper alilieleza jambo hili mwaka 1982, na wengine walirudi kupima upya bila kuitegemea dira. La pili ni zito zaidi. Sehemu za ziwa Turkana zenye nguzo za namna hii zilipochimbuliwa na kupimwa umri, zilionekana kuwa za kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita. Mahali nyota inapochomozea kwenye upeo wa macho huhama polepole kadiri karne zinavyopita, hivyo hesabu iliyofanywa kwa anga ya mwaka 300 KK haiwezi kuwafaa wajenzi waliotangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ushauri wetu: kalenda iweke kando. Sehemu za aina hii zilizochimbuliwa zimeonyesha kuwa ni makaburi.

Swali: Nimesikia kwamba Lothagam kuna kaburi moja lenye mamia ya watu. Lilijengwaje, na walizikwa kwa vita au kwa tauni? – Msomaji, Eldoret

Jibu: Si vita wala tauni. Waliozikwa Lothagam Kaskazini, magharibi mwa ziwa, waliingizwa kaburini kidogo kidogo kwa karne kadhaa, kuanzia miaka 5,000 hivi iliyopita. Ukishika utaratibu wa ujenzi, hilo linaonekana lenyewe.

Kwanza walitengeneza jukwaa la duara lenye upana wa mita 30 hivi. Katikati wakaondoa mchanga wa ufuo wa zamani, eneo la mita 120 za mraba, wakashuka mpaka wakafika kwenye mwamba. Mwamba wa pale ni jiwe la mchanga, laini kiasi cha kuchimbika, na baadhi ya mashimo ya kuzikia yamekatwa humo humo. Kisha maiti wakaanza kulazwa, mmoja pembeni ya mwingine, hata shimo zima likajaa. Lilipojaa wakalifunika kwa tabaka la mawe. Nguzo zilikuja mwisho kabisa, nyingine zikiwa zimebebwa kutoka umbali wa hadi kilomita moja. Anayeziona leo huzidhania ndizo mwanzo wa kazi, kumbe ndizo zilizofunga mlango. Upande wa mashariki kuna miduara ya mawe na marundo mengine.

Waliozikwa ni wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, na karibu kila mmoja ana pambo lake: shanga za ganda la yai la mbuni, pete na bangili za meno ya kiboko, shanga za mawe ya rangi, ikiwemo amazoniti ya kijani cha bahari. Mmoja alivishwa kichwani pambo la meno 405 ya mbele ya panya wa jangwani, yaliyotoka kwa panya wasiopungua 113. Fikiria kazi ya kuwatega panya wote hao na kutoa meno membamba kama sindano bila kuyavunja! Hata hivyo hakuna aliyetengewa chumba chake au aliyezidishiwa mali kiasi cha kumwita mtawala.

Walikuwa wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, wenye ng'ombe, kondoo na mbuzi. Wakati huo mvua zilikuwa zinapungua na maji ya ziwa yalishuka kwa makumi ya mita, ufuo ukahama na malisho yakabadilika kila mwaka. Katika maisha ya kuhama namna hiyo, mahali pasipohama pana thamani kubwa. Watafiti wengi wanaona kwamba kaburi hili lilikuwa mahali pa kukutania, na sisi tunakubaliana nao.

Swali: Wanasema watu waliozikwa Lothagam ni 580. Waliwahesabu wote? Na umri walipimaje kama mifupa imeoza? – Msomaji, Nairobi

Jibu: Hawakuwahesabu wote, na ni vizuri hawakufanya hivyo, maana kaburi likichimbuliwa lote halirudi. Walichimbua sehemu ndogo, wakapima ardhi iliyobaki kwa rada inayopenya chini, kisha wakakadiria kwa msongamano waliouona. Ndiyo maana husemwa "wasiopungua 580".

Ndani ya sehemu iliyochimbuliwa, kuhesabu vichwa hakutoshi kwa sababu mafuvu huvunjika vipande. Huchaguliwa mfupa mgumu ambao kila mtu anao mmoja tu kwa upande, kwa mfano ule wa sikio la kushoto. Mifupa 12 ya sikio la kushoto ina maana ya watu 12 au zaidi, hata kama vipande vingine ni mia tano.

Umri hupimwa kwa radiokaboni, yaani kaboni yenye mionzi iliyomo katika vitu vilivyowahi kuishi, ambayo nusu yake huisha kila miaka 5,730. Joto la Turkana huiozesha kolajeni (protini) ya mfupa, na sehemu ya madini inayobaki hufyonza kaboni ya maji ya ardhini, hivyo jibu linaweza kuwa la uongo. Kwa hiyo hupendelewa makaa na ganda la yai la mbuni. Makaa nayo yana mtego wake: yakitoka katikati ya gogo la mti mkongwe, yataonyesha umri mkubwa kuliko siku ya mazishi.

Swali: Kaburi kubwa si lazima liwe la mfalme? – Msomaji, Kampala

Jibu: Si lazima. Lothagam ni ushahidi mmoja. Newgrange, kaburi la kale la Ireland, inatupa picha nyingine. Ilijengwa karibu mwaka 3200 KK: kilima cha upana wa mita 85, kimezungukwa na mawe 97, na njia ya mita 19 inayoelekea chumbani. Jua la asubuhi linapochomoza siku fupi kuliko zote za mwaka, mwezi wa Desemba, mwanga hupita kwenye tundu juu ya mlango na kufika chumbani kwa dakika 17 hivi. Paa halivuji mpaka leo kwa sababu mawe yake yamechongwa mifereji ya kupeleka maji nje, na mianya imezibwa kwa udongo uliochomwa na mchanga wa bahari. Humo yamepatikana mabaki ya watu wachache tu, na DNA ya mmoja wao, iliyochapishwa mwaka 2020, ilionyesha kuwa wazazi wake walikuwa ndugu wa damu wa karibu kabisa. Wengi wanaona hapo dalili ya ukoo wa watawala. Kwa hiyo usipime cheo kwa ukubwa wa mawe. Tazama ni nani waliingizwa ndani.

Wala mawe makubwa hayahitaji mtawala wa kuwatuma watu kwa nguvu. Kule Bougon, Ufaransa, mwaka 1979, katika jaribio la watafiti, watu 200 walilisogeza jiwe la tani 32 kwa kamba, magogo na wenzo. Watu 200 hupatikana hata kwenye mkutano wa koo.

Swali: Makaburi ya nguzo ya Kaole na Malindi ni ya jamii moja na yale ya Turkana? – Msomaji, Bagamoyo

Jibu: Hapana. Hayo ni ya Waswahili Waislamu, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na yana umri wa karne chache tu. Kaburi lenye tarehe kule Gede, karibu na Malindi, ni la mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Kufanana ni nguzo peke yake.

Swali: Shambani kwetu kuna rundo la mawe. Vijana wanataka kulichimba wakidai Wajerumani walificha mali. Nitajuaje kama ni kaburi? – Msomaji, Karatu

Jibu: Wazuie leo hii. Rundo la kusafishia shamba huwa pembeni ya shamba, mawe ya kila ukubwa yametupwa ovyo na udongo kati yake ni tifutifu. Rundo la kaburi mara nyingi lina mawe makubwa yaliyopangwa ukingoni, mengine yamezama ardhini, kuvu imeota upande wa juu tu, na katikati pamebonyea kwa sababu shimo la chini limetitia. Dalili hizi si hukumu, lakini zinatosha kukufanya usimamishe jembe.

Acha mita kumi kuzunguka bila kulima. Piga picha pande zote nne ukiweka fimbo ya mita moja, na andika namba za mahali (majira ya GPS) zinazoonyeshwa na simu. Ukiona ushanga au mfupa juu ya ardhi, usiuokote wala kuuosha. Ushanga ulioko shingoni mwa mtu unaeleza mengi, ukishatiwa mfukoni ni ushanga tu. Mfupa ukionekana mpya, hilo ni la polisi kwanza. Kisha waulize wazee wa eneo, na toa taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Walioko Kenya hupeleka taarifa Makumbusho ya Taifa, na sheria ya 2006 inawapa siku saba.