Mwaloni mweupe: ushauri kwa anayeanza kazi ya magogo Kentucky

Ndugu yangu uliyeajiriwa juzi kiwandani, mti wa kwanza utakaotakiwa kuujua huku ni mwaloni mweupe. Jina lisikuchanganye. Gome lake ni la kijivu hafifu, lenye magamba marefu yanayobanduka pembeni. La mwaloni mwekundu huwa jeusi zaidi, na mara nyingi lina michirizi laini kama iliyopigwa pasi.

Msituni anza na jani. La mweupe lina vidole vinene, kwa kawaida 7 hadi 9, na ncha zake ni mviringo. Jani la mwekundu lina ncha kali, kila moja na unywele mdogo mwishoni. Ila usikimbilie kuhukumu kwa vidole vya mviringo peke yake, maana kuna mialoni jamaa yenye majani ya namna hiyo. Okota na tunda. La mweupe limevaa kofia fupi yenye vinundu, iliyofunika kama robo tu. Ukiona kofia yenye manyoya pembeni, huyo ni mwingine.

Shida ni kwamba kiwandani majani hayaji. Januari yangu ya kwanza niliweka gogo jekundu kwenye rundo la meupe, na nilikuwa na uhakika kabisa. Mzee aliyenisimamia hakunigombeza. Alikata kijiti kutoka kwenye kiini cha gogo, akachovya ncha moja majini, akapuliza ncha ya pili. Povu likatoka. Akafanya vivyo hivyo kwa kijiti cha mweupe: kimya.

Mirija ya mwaloni mwekundu iko wazi kama mirija ya soda. Ya mweupe huzibwa na vitando vidogo wakati mti unapogeuza mbao yake ya nje kuwa kiini. Kwa hiyo kijiti kitoke kwenye kiini. Ukikitoa sehemu ya nje, iliyo karibu na gome, jibu litakudanganya. Na hapo ndipo utaelewa kwa nini kiwandani wanatuhimiza sana tusichanganye magogo: sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski ya mahindi ya huku, ikae kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, na pipa la mwaloni mwekundu huvuja.

Ubao ukishachanwa, tazama ubavuni ile mistari mifupi ya rangi nzito inayofuata nyuzi. Kwenye mwekundu mingi haifiki sentimita 2.5. Kwenye mweupe huenda mbali zaidi.

Ukipata nafasi, nenda msituni Oktoba. Fukua majani chini ya mti mkubwa utafute tunda lililokwisha kutoa mzizi. Matunda ya mweupe huanza kuota vuli ileile yanapodondoka, ilhali ya mwekundu hungoja hadi majira ya kuchipua. Mimi nilijifunza kwa tunda hilo kuliko kwa picha zote nilizoonyeshwa.