Godoro la sita kwa sita litaenea chumbani?

SWALI: Nimepanga chumba cha futi 10 kwa 9. Mlango uko pembeni mwa ukuta mrefu na hufunguka kwa ndani. Kwenye ukuta mfupi ulio karibu na mlango, kona ya mbali, pana kabati la milango miwili, upana futi 4 na kina futi 2. Mimi na mke wangu tunataka godoro la sita kwa sita, na muuzaji anasema litaenea. Je, ni kweli? — Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, litaenea, lakini kabati lako halitafunguka. Futi 6 ni kipimo cha godoro peke yake. Mbao za ubavuni zikiwa na unene wa inchi 2 kila upande, upana wa kitanda hufika inchi 76. Ukielekeza kichwa cha kitanda kwenye ukuta mrefu usio na mlango na kukisogeza upande wa mbali na kabati, acha inchi 2 ukutani, kwa sababu sponji inayogusa ukuta unaopigwa na mvua hushika unyevu. Chumba kina inchi 120; toa 78, kisha toa 24 za kina cha kabati, zinabaki 18 tu, ilhali kila mlango wa kabati lako una upana wa inchi 24, hivyo utagonga kitanda kabla haujafunguka sawasawa.

Kwa maoni yangu, chukueni tano kwa sita. Nafasi hiyo itakuwa inchi 30, kabati litafunguka, na atakayetandika kitanda atapata pa kusimama. Najua sita kwa sita lina heshima yake mbele ya wageni, lakini wageni hawalali humo.

Kuliingiza godoro si tatizo: la sponji hukunjwa, na la springi husimamishwa kwa ubavu.

Kabla ya kulipa, muulize seremala urefu wa kitanda kwa nje, pamoja na ubao wa kichwani na wa miguuni, kisha uchore umbo lake lote sakafuni kwa chaki. Fungua mlango wa chumba hadi mwisho, fungua na wa kabati, halafu mpite nyote wawili mkiwa mmebeba ndoo, bila kukanyaga mstari.